Nilidhani utumbo ni bomba tu

"Una hakika hujala?" mtaalamu wa maabara aliniuliza akiwa ameshika kichupa. Sikuwa nimetia kitu mdomoni kwa saa 13. Ile sehemu ya juu ya damu iliyotenganishwa, ambayo hutakiwa iwe ya manjano maangavu, ilikuwa na ukungu wa maziwa. Trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, zilisoma 4.9 mmol/L; kawaida ni chini ya 1.7.

Nikapiga mafuta marufuku. Njaa nikaituliza kwa wanga na juisi. Baada ya miezi 3 nikapima tena: 4.6. Niliona nimeonewa.

Daktari alicheka kidogo. "Ndugu yangu, wewe unadhani utumbo ni bomba?" Nilidhani hivyo hasa: kinachoingia ndicho kinachotoka. Kumbe utumbo mwembamba ni kiwanda. Hufungasha mafuta katika chembe ziitwazo kilomikroni, kila moja ikiwa na protini moja ya apoB-48, kisha huzipitisha kwenye limfu hadi kwenye damu. Na kiwanda hicho husikiliza amri. Baada ya mlo, insulini hukiambia kipunguze kasi. Mwenye usugu wa insulini, kama mimi, amri hiyo haisikiki vizuri.

Kitambi nacho kilikuwa kinachangia. Insulini ndiyo huzuia seli za mafuta zisimwage asidi za mafuta kwenye damu. Zangu zilikuwa zinamwaga tu. Watafiti wa Toronto waliwahi kuzipandisha asidi hizo kwenye damu ya wanaume wenye afya, na utumbo wao ukaongeza kutoa chembe, ini nalo vilevile. Chembe za ini na za utumbo husafishwa na kimeng'enya kilekile kwenye kuta za mishipa midogo, kwa hiyo hapo pana foleni. Juisi zangu zilikuwa zinalipatia ini malighafi ya kuirefusha foleni hiyo.

Basi nikageuza mpango. Juisi, soda na pombe niliacha kabisa, wanga nikapunguza karibu nusu, mafuta ya mimea nikayarudisha kwa kiasi. (Trigliseridi zikipita 5.6 hatari ya kongosho kuvimba huanza kutajwa, na zikipanda sana mafuta yenyewe hubanwa kwelikweli. Usiige yangu bila daktari.) Kila baada ya chakula cha jioni nilitembea dakika 30, kwa kuwa msuli unaofanya kazi huchukua sukari bila kuingoja sana insulini. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Wiki za kwanza nilitoroka mara nyingi kuliko nilivyotembea.

Miezi 8, kilo 7 chini. Kipimo kilisoma 1.9, bado juu kidogo. Nilimwomba yule mtaalamu anionyeshe kichupa. Nilikiweka mbele ya karatasi ya majibu, nikasoma jina langu kupitia ile sehemu ya juu ya damu.