Nilivyoulinda mswada wangu wa mashairi kabla haujafika kwa wachapishaji

Mwaka 2019 nilisikia shairi langu likisomwa redioni kwa jina la mtu mwingine. Nilikuwa jikoni kwangu Tanga, napaa samaki. Beti zilikuwa zangu, vina vyangu, hadi pale tamati. Mimi nilikuwa nimemalizia hivi: "Hapa nafunga kauli, Mwanatanga naondoka." Aliyelichukua alifuta lakabu yangu, Mwanatanga, akatia yake yenye mizani (silabi) tatu, na utao, yaani kipande cha pili cha mshororo, ukabaki na mizani saba badala ya nane. Yeyote aliyezoea tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, angesikia pale ubeti unapochechemea.

Nikapiga simu kituoni. Wakaniuliza ushahidi, nami nilikuwa na daftari tu, halina hata tarehe moja. Shairi nililituma kwenye kundi la WhatsApp la washairi, na simu niliyotumia ilishakufa na kila kilichokuwemo. Iliniuma sana. Tangu utotoni nilifunzwa kwamba kujitaja kwenye tamati ndiyo sahihi ya mshairi. Ni desturi nzuri na sijaiacha, ila jina ni neno moja, na neno hufutika.

Basi nilipotaka kupeleka diwani yangu ya kwanza kwa wachapishaji, mashairi 64, nilianza kwa kuuliza. Niliyojifunza ni kwamba hapa Tanzania Bara hakimiliki huanza pale pale unapoliandika shairi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haidai usajili kwanza, na inakulinda maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa. Inayalinda maneno ulivyoyapanga, si wazo. Mtu akitunga kuhusu mikoko kama mimi, au akitumia tarbia ileile, hajaniibia. Hata anayenijibu kwa vina vyangu hajaniibia. Hayo ni majibizano, tumeyarithi kwa wazee.

Haki ninayo, tatizo ni kuithibitisha. Nilichapa mashairi yote kwenye kompyuta, kila moja nikaliandikia tarehe na mahali nilipolitungia kwa kadiri ya kumbukumbu yangu. Ukurasa wa mbele nikaweka alama ya ©, jina langu kamili na mwaka. Nikajitumia mswada kwa barua pepe. Madaftari ya zamani sikuyatupa, maana ile mistari iliyokatwakatwa inaonyesha shairi lilivyozaliwa, na mwizi hana mistari iliyokatwa. Kisha nikapanda basi hadi Dar es Salaam kusajili kazi kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kuna walionishauri nijitumie bahasha kwa rejista niiweke bila kuifungua. Sikuona faida yake, kwani bahasha tupu nayo hupokelewa posta, ukaja kuijaza baadaye.

Wachapishaji wawili niliwapelekea mashairi kumi tu na muhtasari, mmoja akaomba yaliyobaki. Sikuogopa tena kuibiwa. Kilichonitisha ni mkataba alionirudishia: kifungu kimoja kilisema haki zote zinahamia kwake moja kwa moja. Ningetia sahihi, wimbo ukitungwa kwa shairi langu nisingekuwa na la kusema. Nikamwonyesha wakili, tukaomba kibadilishwe: nimpe leseni ya kuchapisha kitabu cha Kiswahili kwa miaka mitano, nami nibaki na haki za tafsiri, redio na nyimbo. Alikubali baada ya barua mbili. Kwa maoni yangu, hapo ndipo washairi wengi hupoteza mali yao, mchana kweupe, kwa kalamu yao wenyewe.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo nusura nilisahau. Mashairi matatu kwenye diwani ni majibizano yangu na mzee mmoja wa Pemba. Beti zake ni zake. Nikavuka bahari na karatasi ya ruhusa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Maneno nimekwishakupa, karatasi ya nini tena?"

"Mimi najua umenipa, babu. Wanao je, siku wakikikuta kitabu dukani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba miwani. Hakuanza na karatasi ya ruhusa. Alianza na beti zake nilizozichapa, akizisoma kwa kuhesabu vidoleni, kipande kwa kipande. Ubeti wa nne kidole kikasimama.

"Hapa umenila mizani moja."

Kweli, nilikuwa nimeandika "sina" pale aliposema "sinalo". Nikasahihisha kwa kalamu mbele yake. Akahesabu upya mpaka nane, ndipo akatia sahihi, na pembeni akaandika tarehe.