Jumapili Baba Aliporudi Kundini

Baba alirudi kutoka Mererani mwezi wa tano mwaka 1998, lakini hakuja nyumbani. Alipanda mlima kwa miguu kutoka barabara kuu hadi kwa bibi, mama yake, na kwa siku kadhaa tulikuwa tunasikia tu kwa majirani kwamba yupo huko, amekonda, mchana hatoki nje. Mama naye alisikia. Aliendelea kukata majani ya mifugo na kupalilia migomba yake kana kwamba wanamsema mtu asiyemjua wa Kibosho huko.

Ilianza na kahawa. Mwaka 1989 bei iliporomoka katika soko la dunia, na sisi wa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, tulioishi kwa mibuni na migomba tukajua mapema maana yake. Dawa za mibuni hazikununulika tena, ada ya shule ikawa mashaka. Wanaume wengi wakatelemka Mererani kuchimba tanzanaiti, na baba akawa mwanaapolo, ndivyo wachimbaji wa kule wanavyoitwa. Mwanzoni alikuwa anarudi kila baada ya miezi michache na sukari na viatu vyetu, kinywe, lile vumbi jeusi la mgodini, kimemjaa kwenye kucha na mikunjo ya shingo, hata akioga hakitoki. Kisha shimo lao likatema mawe. Krismasi ya mwaka 1991 alipanda na Peugeot 504 nyeupe, akachinja, akanywesha watu mbege hadi usiku. Krismasi iliyofuata hakuja. Tukasikia ana mke kule, mwanamke wa Babati, na mtoto.

Pesa ya mawe haikai. Gari liliuzwa, na baada ya gari ikafika zamu yetu. Siku moja mwaka 1994 alikuja mtu tusiyemjua, ana kamba na barua ya baba, akamfungua ng'ombe wetu wa maziwa. Mama alikuwa sokoni, Kwa Sadala. Jioni alikuta zizini amebaki ndama peke yake, analia. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yanamsomesha kaka yangu Eliya. Eliya akaachia kidato cha pili, akaenda Moshi mjini kuwa fundi wa baiskeli.

Wakati huo jina la baba lilikuwa limeshasomwa kanisani. Kwetu Walutheri, mwanamume aliyeongeza mke hutengwa. Anaruhusiwa kuja ibadani, ataimba, atatoa sadaka, ila Meza ya Bwana haimhusu, na akifa mchungaji haji kumzika. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima bibi usingizi. Kila mwaka kulikuwa na habari za watu waliofukiwa Mererani, na mwanawe alikuwa huko chini, bado hajarudi kundini.

Aprili ya 1998 mvua za El Niño zilijaza maji mashimo ya Mererani, wachimbaji kwa makumi wakafa. Baba alikuwa wa zamu ya usiku. Wenzake wa zamu ya mchana hawakutoka. Alitusimulia mara moja tu, miaka mingi baadaye, na hata siku hiyo hakufika mwisho.

Basi akawa kwa bibi, na baada ya hizo siku kadhaa bibi alikuja kwetu asubuhi na mapema, amevaa kitenge chake cha ibada, mkononi ana jani la isale. Msomaji asiye Mchagga nimweleze kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, na makaburini, na mtu akikukosea akakutumia jani lake kupitia mtu mzima wa ukoo, umeombwa msamaha kwa namna isiyokatalika. Wakwe wamepatana kwalo, ndugu waliofikishana mahakamani wamepatana kwalo. Bibi alisimama mlangoni, hakukaribia kiti.

"Mama Eliya, nimetumwa."

Mama alifuta mikono kwenye khanga, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akalitazama. "Jani nimepokea, mama," akasema. "Mwambie maneno bado."

Sisi tulidhani baba angehamia siku hiyohiyo. Hakuhamia. Mama alilichomeka jani kwenye mwamba wa paa la jiko, juu ya mafiga, likakauka taratibu pale kwenye moshi, na baba akaendelea kulala kwa bibi.

Mwezi wa sita wakaja wazee wa kanisa, watatu, pamoja na mwinjilisti wa mtaa wetu. Baba alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mchungaji kuomba kurudi kundini, na utaratibu ulidai mama aulizwe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara, kwa hiyo mwinjilisti aliyekuwa ananikaririsha Katekisimu kila Jumamosi sasa alikuwa amekaa sebuleni kwetu na mimi ndiye niliyemmiminia chai. Nilipanga vikombe polepole sana. Sikutaka kufukuzwa.

Mzee mkubwa alieleza kwamba ndugu ametubu, kwamba yule mwanamke wa Mererani ameshaondoka kwa hiari yake na kurudi kwao, kwa hiyo kikwazo kimeondoka. Kisha akatupa jicho kule jikoni, nadhani alikuwa amesikia habari za isale, akaongeza kwamba Kanisa linasamehe kwa damu ya Yesu, si kwa majani.

"Jani lilikuwa la mama mkwe wangu," mama alisema, "na nimemheshimu. Sasa ninyi mmekuja na la Yesu. Nawauliza: yule mwanamke ameondoka na watoto?"

Wakatazamana. Ndiyo, wapo wawili, wa kiume na wa kike.

"Wanakula nini?"

Hapo palikuwa kimya. Mwinjilisti akasema hilo ni suala la kifamilia, baraza la wazee linaangalia hali ya kiroho. Mama akamwambia, kwa adabu zote, kwamba yeye darasa lake ni la saba na mambo ya kiroho hayajui sana, lakini alikuwa na watoto walioachwa na baba, anajua wanalala vipi. Hatamzuia mtu kurudi kwa Mungu wake. Ila kama msamaha wenyewe ni wa kuwafuta watoto wa Babati ili hesabu ya usharika ikae sawa, jina lake lisitajwe humo.

Waliandika nini kwenye daftari lao sijui. Walimaliza chai, wakaomba, wakaondoka. Usiku ule mama alifoka kwa kila kitu: sufuria, kuku, mimi.

Siri moja ya mama niliijua mimi kwa sababu tulikuwa tunakaa benchi moja. Alikuwa haendi Mezani. Yeye hakutengwa na mtu, alikuwa kwaya ya kina mama na bahasha yake ya ahadi haikukosa kitu, lakini tangu ng'ombe alipochukuliwa, siku za Chakula cha Bwana alikuwa anabaki amekaa. Watu walifikiri ni magoti. Nilipomuuliza alisema huwezi kupiga magoti mbele za Mungu huku moyoni unamuua mtu, na yeye alikuwa anamuua baba kila alfajiri akishika ndoo ya maziwa na kukumbuka hakuna wa kumkamua. Kwa hiyo miaka ile yote aliyekosa alikuwa nje, na aliyekosewa naye alikuwa nje, mmoja kwa sheria ya kanisa, mwingine kwa amri yake mwenyewe.

Jumapili yenyewe ilikuwa mwezi wa saba, ule ukungu wa baridi wa Machame unaoshuka hadi kwenye madirisha ya kanisa. Baada ya mahubiri mchungaji aliita wanaorudi kundini. Walisimama wanne mbele: baba na koti la kuazima, mume na mke waliokuwa wameishi bila ndoa ya kanisani, na binti mmoja wa kwaya ya vijana aliyezaa akiwa nyumbani kwao. Binti alikuwa amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Kijana aliyempa mimba, kila mtu alimjua, alikuwa safu ya nne upande wa wanaume, bahasha mkononi, anafuata ibada vizuri tu. Yeye hakuitwa mbele, wala sikumbuki kama aliwahi kuitwa. Nalipenda kanisa langu, lakini jambo hilo liliniudhi nikiwa na miaka kumi na minne na linaniudhi hadi leo.

Ikasomwa Zaburi ya 51. Mchungaji akawauliza maswali yake, mmoja mmoja, na majibu ni mafupi, yanajulikana. Ilipofika kwa baba, akiulizwa kama anakiri dhambi iliyomtenga na usharika, alitakiwa aseme anakiri, basi, mambo yaendelee. Alisema anakiri. Kisha hakunyamaza.

"Na nilimwibia Mama Eliya ng'ombe," alisema.

Mchungaji alidhani hakusikia vizuri. Baba akarudia, sauti imepanda sasa, maana wa nyuma walikuwa wanaulizana. Akasema ng'ombe hakuwa wake, alinunuliwa kwa pesa ya kahawa aliyoichuma mama. Alimtuma mtu makusudi siku ya soko akijua mama hayupo. Pesa ilikwisha kwa siku chache na hawezi hata kusema ilikwenda wapi. Na Eliya aliacha shule kwa ajili hiyo. Kule nyuma mtu alicheka, si kwa ubaya nadhani, bali kwa kuwa neno ng'ombe lilisikika mahali lisipozoeleka. Uzinzi ulikuwa umeandikwa kwenye daftari la usharika kwa miaka sita. Ng'ombe hakuwa ameandikwa popote.

Mama alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo muda wote. Hapo ndipo aliponyanyua uso.

Mchungaji, namsifu kwa hili, hakumkatiza. Alisubiri, kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha baba akatangaza ondoleo la dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, maneno yaleyale niliyokuwa nayakariri Jumamosi bila kuyafikiria. Usharika ukaulizwa kama unawapokea, ukaitikia. Wakapewa mikono.

Mezani baba alienda na kundi la kwanza la wanaume. Alipokuwa anarudi mahali pake, nilihisi benchi linatikisika, na mama akapita mbele ya magoti yangu. Sikuwa nimetegemea. Alipiga magoti mwisho kabisa wa uzio wa madhabahu, karibu na ukuta, akapokea mkate na divai, akakaa pale hata kundi lake lilipoinuka, hadi mzee wa kanisa akamgusa bega. Alikuwa analia, ila si kwa sauti. Aliporudi alinuka divai, akaniambia nisogee.

Nje kukawa na mnada kama kawaida. Wasio na fedha huleta mazao kuwa sadaka, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani: mayai, maparachichi, jogoo anayefungwa miguu, chupa ya maziwa. Watu walikuwa wamechangamka, wanampa baba mkono, wengine wanamtania kwamba mwanaapolo atununulie mnada wote. Ukaja mkungu wa ndizi, wa mama, nilimsaidia kuubeba asubuhi. Bei ikaanzia mia tano. Baba akasema elfu moja. Mtu akasema elfu na mia moja, baba akasema elfu na mia mbili, na mnadishaji akampigia kofi la mwisho. Kisha baba akapapasa mifuko ya lile koti la kuazima.

Nadhani alikuwa amesahau kabisa kwamba hana pesa. Mkono wa mtu aliyezoea kuwa na pesa hupanda wenyewe. Akasimama pale, na watu waliokuwa wanacheka wakaanza kuangalia pembeni.

Mama akafungua pindo la khanga, akatoa noti, akamhesabia mnadishaji elfu na mia mbili. Akageuka kwa baba. Ni mara yangu ya kwanza kumsikia akimsemesha tangu nikiwa darasa la kwanza au la pili.

"Beba," alisema. "Umenunua ndizi zangu kwa pesa yangu. Beba basi."

Alicheka mwenyewe kwanza, kisha wanawake wa kwaya, kisha wote. Baba akauweka mkungu begani, na njia nzima, kupita maduka, kupita kwa bibi aliyekuwa amesimama barazani na mikono kichwani, akawa anatutangulia. Hakujua kama aingie getini. Mama akamwambia mkungu hauwezi kusimama barabarani.

Alikula chakula cha mchana na sisi, amekaa karibu na mlango. Hakurudi chumbani kwa mama. Alipewa chumba cha Eliya, na aliishi humo hadi karibu mwaka mzima. Alianza kuamka saa kumi na moja kukata majani, na mtamba wa kwanza aliomnunua kwa vibarua vya kuchimba misingi ya nyumba alimfunga zizini na kumwambia mama mbele yetu kwamba ni wa mama, si wa nyumba.

Lakini hayo ni baadaye. Jumapili ile, sahani zilipoondolewa, mama alikaa chini, akakunja mikono, akasema, "Haya, Baba Eliya. Tuongee habari za Babati."

Wa kike alibaki kwa mama yake, akawa anatumiwa ada. Wa kiume alikuja Januari shule zilipofunguliwa, ameshika mfuko wa rambo wenye nguo zake zote na daftari moja. Mama alimsimamisha katikati ya sebule, akamgeuza mbele na nyuma, akaniambia nilete sare ya zamani ya Eliya na sindano.