Msalaba wa shaba ndani ya maji ya chumvi

Konokono walianza kudondoka siku ya Ijumaa. Samaki walikuwa wazima, wanakula na kufukuzana kama kawaida, na hilo ndilo lililomnyima usingizi Yaya, kaka yangu mkubwa.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Kampemba, Lubumbashi: mimi, Yaya, mke wake na watoto wao, pamoja na nkambo, mzee aliyemzaa baba yetu. Sebuleni kulikuwa na akwariamu ya lita 600, ya maji ya bahari, yenye matumbawe hai. Bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu, kwa hiyo karibu kila kitu kilikuwa kimesafiri. Chumvi, mawe ya chokaa na pampu vilitoka Afrika Kusini kwa lori, vikapita mpaka wa Kasumbalesa na usumbufu wake wote. Wanyama walikuja kwa ndege. Kioo tu ndicho kilikatwa mjini, na Yaya, ambaye ni fundi umeme wa malori, alikiunga mwenyewe kwa silikoni. Maji ya bomba hayakuingia humo hivihivi. Yalichujwa kwanza, ndipo yakatiwa chumvi, gramu 35 hivi kwa lita. Siku ya kwanza zilikwenda zaidi ya kilo 20. Mke wa Yaya alisimama mlangoni akasema kwa chumvi hiyo angekausha samaki wa Ziwa Mweru wa mwaka mzima.

Halafu tukakaa zaidi ya mwezi tukiangalia mawe. Bakteria lazima waote kwanza, hawa wanaogeuza amonia kuwa nitriti na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. Ukitia samaki kabla ya hapo, watakufa kwa amonia, sumu ya uchafu wao wenyewe. Majirani walikuja kuona samaki wakaonyeshwa mawe, wakaaga kwa adabu.

Nkambo ndiye aliyekuja kuipenda kuliko sisi sote. Ujana wake aliumalizia kwenye tanuri za shaba, na sasa kiti chake kilikuwa mbele ya kioo tangu chai ya asubuhi. Kulikuwa na kamba mmoja mwekundu, mwenye mstari mweupe mgongoni na sharubu ndefu nyeupe, ambaye nkambo alimlisha kwa koleo la plastiki. Hakuruhusu mtu mwingine kumlisha.

Sasa, ile Ijumaa. Konokono hawa hushinda wamejibandika kwenye kioo wakilamba mwani. Niliwakuta wamelala chali mchangani, mguu umelegea nje ya gamba. Nikamchukua mmoja nikambandika kwenye kioo. Hakushika, akateleza hadi chini. Kamba alikuwa kwenye jiwe lake, sharubu zimelala, na chakula kikampita puani asikiguse. Lile tumbawe laini kubwa, ambalo mchana huchanua vidole vyake vyote, lilikuwa limejifunga likang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta.

Yaya alirudi kazini, hata viatu hakuvua. Akapima joto: digrii 25. Chumvi sawa. Amonia hakuna. Akarudia kupima amonia, bado hakuna. Akakaa chini akawatazama samaki muda mrefu.

“Ni shaba,” akasema.

Alikuwa na sababu. Samaki wa baharini wakishikwa na ugonjwa wa vidoadoa vyeupe, hutibiwa kwa dawa ya shaba, miligramu 0.2 hivi kwa lita, katika chombo cha pembeni. Kiasi hicho kinamponya samaki, na kiasi hichohicho kinamuua kamba, konokono na tumbawe. Cha ajabu ni kwamba damu ya kamba hubeba oksijeni kwa shaba, kama yetu inavyoibeba kwa chuma. Anaihitaji, ila ikizidi kidogo tu inammaliza. Kwa hiyo nyumba ambamo samaki wanacheza na konokono wanakufa, mtu aliyezoea anajua pa kutazama. Yaya alikuwa na kipimo kilichobaki tangu alipotibu samaki. Akadondosha matone, akangoja, na rangi ikapanda.

Shaba imetoka wapi? Alifungua pampu zote. Mabomba yalikuwa ya plastiki, vibano vya plastiki. Watoto waliulizwa kuhusu sarafu, swali la bure kabisa, maana Kongo hii nani bado ana sarafu? Mwishowe akazamisha mkono hadi begani nyuma ya mawe, akatoa kitu kizito cheusi chenye ukijani kwenye ncha.

Ulikuwa msalaba wa Katanga. Wasomaji wa huku wanaujua: ile shaba ya kuyeyushwa yenye mikono minne, ambayo wazee walinunulia na kutolea mahari, na ambayo bendera ya Katanga ya mwaka 1960 iliichora mara tatu. Wetu nkambo aliachiwa na baba yake.

“Nkambo, nani alitia hii kitu humu?”

“Ni miye.” Wala hakugeuka. “Chumvi ya wazungu, majiwe ya Afrika Kusini, samaki ya kutoka sijui wapi. Wageni watakuja. Katanga iko wapi mu ile maji?”

“Nkambo, shaba inawaua.”

“Miye nilipumua moshi ya shaba maisha yote. Nilikufa?”

Yaya hakujibu. Mimi, nikisema kweli, nilimwona mzee ana hoja. Watoto walikuwa wamekatazwa kugusa maji wakiwa na sabuni mikononi, lakini hakuna aliyefikiria kumkataza mtu wa umri wake kuweka heshima ya nyumba mahali anapoona inafaa.

Usiku ule tulichanganya chumvi katika mapipa yote tuliyokuwa nayo. Waliobaki hai tuliwahamishia kwenye beseni la kufulia, lililosuuzwa hadi mke wa Yaya akachoka na kelele zetu, na pampu ndogo ya hewa ndani yake. Tukatoa nusu ya maji ya akwariamu na kutia mapya, tukaweka mkaa maalumu wa kuchujia, na siku zilizofuata tukabadilisha tena. Kamba hakuamka. Mawe ndiyo yaliyokuwa na ubishi, kwa sababu chokaa hunywa shaba kisha huitema polepole. Lile lililoegemewa na msalaba lilitolewa nje likawa kizuizi cha mlango wa jiko.

Msalaba ulitundikwa ukutani, upande wa pili wa sebule, mbali kiasi kwamba hata ukianguka hauwezi kufika.

Kipimo kiliposoma sifuri Yaya bado hakukiamini. Aliagiza konokono mmoja tu, atangulie wenzake. Kila asubuhi nkambo aliuliza kabla ya salamu: “Iko inapanda kioo?” Ikapanda. Wiki zikapita, bado inapanda, ndipo Yaya akaagiza kamba. Nkambo akauliza bei, akaambiwa.

“Na ile bei unapata mbuzi,” akasema. Kisha akataka kujua ndege inafika siku gani.