Tiba mtandao bila video, mimi nilitumia picha na boksi la glavu

Kila niliyemuuliza aliniambia tiba mtandao (kumhudumia mgonjwa kwa ushauri wa daktari aliye mbali) bila video ni kazi bure, nunua skrini kubwa, nunua kamera ya kuzunguka, ufungiwe intaneti ya kasi. Hao hawajawahi kufanya kazi kwenye zahanati ambayo mtandao unashika dirishani tu! Haya, video tukajaribu. Daktari bingwa kaganda mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande, mgonjwa wangu anainua mguu, anashusha, anageuka, anatii amri ambazo hakuna aliyezisikia. Kumbe bingwa muda wote anasema "kateni, nitumieni picha".

Basi ikawa picha, bando dogo tu linatosha. Flashi zima kabisa, inang'arisha ngozi mpaka upele unapotea, tumia mwanga wa mchana. Moja ya mbali aone umeenea wapi, moja ya karibu na rula pembeni. Na WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa ubora unashuka.

Sasa kuna mgonjwa alikuwa anajipaka krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza muwasho na wekundu wa ngozi) muda mrefu (kashauriwa dukani, hasira zangu ziacheni), upele umesambaa haufanani na kitu. Bingwa akashuku fangasi waliofichwa na hiyo krimu, akasema kwaruza ukingoni mwa upele, weka KOH (dawa ya maji inayolainisha ngozi iliyokwaruzwa ili fangasi waonekane), angalia kwenye hadubini. Nikaona vinyuzi vya fangasi, lakini nikataka na yeye avione. Kushika simu juu ya lenzi ya hadubini kwa mkono ni mateso, ukipumua tu picha imehama. Nikakata boksi la glavu, nikalizungusha kwenye lenzi, nikawa nalipunguza kidogo kidogo mpaka duara la mwanga likajaa kwenye skrini ya simu, plasta ikashikilia. Ikatoka picha safi, vinyuzi na matawi yake vyote! Bingwa akauliza nimepata wapi kamera ya hadubini, nilicheka peke yangu.

Krimu ikasimamishwa, akaanzishiwa vidonge vya fangasi, na safari ya kwenda hospitali kubwa hakuifanya.

Ruhusa ya mgonjwa omba kwanza, uso usitokee kama hauhusiki, na tumia namba badala ya jina. Ila anayehema kwa shida au anayetoka damu usikae kusubiri majibu ya meseji, huyo ni rufaa hapohapo.