Puliza mzee, puliza: siku yangu na mapafu ya watu, Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Baridi ya Uyole mwezi wa saba haina adabu. Chai, sweta mbili, bajaji.

Saa 1:30. Kabla ya mgonjwa yeyote, naijaribu spirometa, mashine ya kupima pumzi, kwa bomba la kusukumia hewa lita 3. Isiposoma lita 3, kutwa nzima nitakuwa nasingizia mapafu ya watu.

Saa 2:30. Utafiti wetu unafuatilia waliomaliza dozi ya TB ya miezi 6. Dawa huua vijidudu, kovu haifuti. Kwenye matundu yaliyobaki pafuni, fangasi na bakteria wengine hupata pa kukaa.

Leo yupo mzee aliyechimba dhahabu Chunya miaka mingi, mavumbi ya mawe juu ya TB.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Dozi nimemeza zote, mbona kilima cha kwangu kimerefuka?"

Mara ya kwanza alipuliza kama anazima kibatari. Vuta hadi mwisho, fyatua, halafu kamua! "Puliza, puliza, bado, bado, malizia!" Wapita njia hudhani tunagombana. Tunataka mipulizo mitatu inayofanana, na koo hunikauka kuliko la mgonjwa. Kisha salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, dakika 15 za kusubiri, tunarudia. Namba zake hazikusogea.

Tukisubiri akanieleza: kituo kimoja kilimwanzishia dozi upya kwa kutazama picha ya kifua tu. Picha ya kovu hufanana na ugonjwa. Hata kipimo cha vinasaba huweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Ndiyo maana makohozi yake tunayaotesha maabara, tuone kama kuna kijidudu hai kitakachoota, na jibu la hapana husubiri hadi siku 42.

Saa 6. Damu haingoji, seli za kinga lazima zitenganishwe leo leo. Hapa ndipo kazi inaponinogea. Kinga ikipigana na TB humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya pafu, kwa hiyo sehemu ya uharibifu tunajifanyia wenyewe. Mwenye VVU ambaye CD4 zake, seli za kinga, zimeshuka sana mara nyingi hata matundu hana: kinga haina nguvu ya kuyachimba. Si kwamba yuko salama, TB yake husambaa mwilini na picha huwa ngumu kusomeka.

Saa 7:30. Makande na parachichi la Rungwe.

Saa 8. Kipimo cha kutembea dakika 6 kwenye korido ya mita 30. Mzee alisimama mara mbili, akasingizia kiatu.

Saa 10. Fomu, fomu, fomu. Mzee amerudi mlangoni, usafiri bado.

"Mwanangu, niandikie karatasi, wasinimezeshe tena bure."

Kwamba hana TB siwezi kuandika kabla ya kuotesha kujibu. Daktari wetu akaandika kwamba ana makovu ya zamani, na asianzishiwe dozi kwa picha peke yake. Mzee akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye soksi.