Gitaa naanza na mkono unaocharaza

Wengi wanaonijia kujifunza gitaa huwa tayari wanajua kodi nne tano, yaani sauti kadhaa zinazolizwa pamoja kwa kukandamiza nyuzi kwa mpangilio fulani. Wanaziweka vizuri, kila uzi unalia. Sasa waambie wapige wimbo: kila wakibadilisha kodi muziki unakatika, macho yanahamia kwenye vidole, kisha wanaanza upya. Kodi wanazo, kinachowashinda ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Ndiyo maana somo langu la kwanza halina kodi hata moja.

Mwanafunzi analaza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, zitoe mlio butu tu, chka chka. Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, naiweka mapigo 60 kwa dakika. Mkono wa kulia unashuka kwenye pigo, unapanda katikati ya pigo na pigo, hausimami. Watoto hulipenda zoezi hili. Watu wazima hununa, wanaona nawachelewesha, nami nawaacha wanune. Mkono ukishazoea ndipo tunaingiza kodi, kwa sharti moja: kodi ikichelewa, mkono wa kulia usiisubiri. Nyuzi na zilie ovyo pigo hilo, vidole vitawahi linalofuata.

Kodi za kuanzia nazichagua kwa ujirani wake. C na A maina, kwa mfano: kidole cha shahada kinabaki uzi wa pili (tunahesabu kuanzia ule mwembamba) freti ya kwanza, yaani kigawanyo cha kwanza cha shingo ya gitaa kutoka kichwani, cha kati kinabaki uzi wa nne freti ya pili, kinachohama ni cha pete tu, kutoka uzi wa tano kwenda wa tatu. Halafu E na A maina, ambako umbo lilelile la vidole linasogea uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, huwa anacheka.

Kodi ya F ndiyo inayokimbiza watu. Kidole cha shahada kinatakiwa kukandamiza nyuzi zote sita freti ya kwanza, na huko karibu na kichwa cha gitaa nyuzi ni kaidi. Umbo hilo nalifundishia freti ya tano, ambako linatoa A na nyuzi zinakubali kwa urahisi zaidi, kisha tunarudi freti moja moja hadi ya kwanza. Na kabla sijamlaumu mtu kwamba vidole vyake ni dhaifu, naangalia gitaa lenyewe. Nyuzi zikiwa zimeinuka mno, liende kwa fundi kwanza.

Nyumbani naomba dakika 10 kila siku, na gitaa likae nje ya begi. Lililofungiwa halipigwi.

Wimbo mzima tunauanza mapema, hata wenye kodi mbili tu. Mimi naimba, yeye anapiga. Akipotea haruhusiwi kurudi mwanzo. Anasikiliza nimefika wapi, anadakia hapohapo.