Fono steji ya bei nafuu, mie ningeangalia nini

Naulizwa sana mambo haya siku hizi, hasa na vijana wa hapa Malindi waliorithi santuri za wazee wao. Mtu anapata tantebo, yaani mashine ya kupigia santuri, anaichomeka nyuma ya amplifaya pale penye AUX, tundu la kawaida la vyombo vingine, anaweka taarabu ya Zein l'Abdin, na sauti inatoka mbaaali, nyembamba, besi hakuna kabisa, trebo inakwaruza maskio, hata akifungua volyumu mpaka mwisho. Basi anadhani sindano imekufa. Sindano haina neno jamani, kinachokosekana ni fono steji, yaani kiboksi kidogo cha kukuza na kurekebisha sauti ya santuri kabla haijafika AUX.

Iko hivi. Katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, ya kawaida, hizi za MM (za sumaku inayotikisika) ambazo karibu sote ndo tunazo, inatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 4 au 5 tu, na amplifaya pale AUX inangojea mamia ya milivolti, kwa hiyo lazima pawe na kitu katikati cha kuukuza kama mara mia. Lakini kukuza peke yake hakutoshi. Santuri ikichongwa, besi hupunguzwa makusudi, kwa sababu ikiachwa na nguvu zake zote mfereji unayumba na kula nafasi ya sahani nzima, halafu trebo huongezwa, ili wakati wa kupiga ikishushwa tena ule mchakacho wa sahani nao ushuke. Hesabu hiyo ndo inaitwa RIAA, ni ya tangu 1954, na kazi ya fono steji ni kuigeuza kinyume: besi ya chini kabisa inapanda karibu desibeli 20, trebo ya juu kabisa inashuka karibu hivyo hivyo. Mara kumi juu, mara kumi chini. Ndo maana uzungushe vifundo vya besi na trebo mpaka uchoke, hutaipata sauti yenyewe.

Kabla hujatoa hata shilingi, geuza vyombo vyako uangalie nyuma. Amplifaya nyingi za miaka ya 70 na 80 zina tundu limeandikwa PHONO na kiskrubu cha GND, cha waya wa athi, pembeni, na hapa mjini zinapatikana, Wataliano wakihama huuza vyombo vya nyumba na mara nyingine mna amplifaya nzito humo. Ukiwa nayo umemaliza. Na tantebo kama Audio-Technica AT-LP60 ina fono steji yake ndani, weka kiswichi kwa LINE uchomeke AUX, basi.

Kama huna kabisa, kitu cha kwanza naangalia mie ni ukimya, jina la kampuni baadaye. Ukikuza mara mia unakuza kila kitu, na mvumo wa stima pia. Inua sindano, fungua volyumu zaidi ya unavosikiliza kila siku, weka sikio kwa spika. Mjomba wangu alilalamika sana tantebo yake yavuma mmmm hata sahani haijaanza, akawa ashataka kutupa kila kitu, nikaenda nikakuta ule waya mwembamba wa athi unaning'inia tu nyuma ya kabati. Nikaukaza kwenye skrubu, mvumo ukakatika palepale. “Kumbe ni hivo tu, mjomba?” Ni hivo tu. Kwa hiyo kiboksi kisicho na skrubu ya GND mie sikigusi, hata kiwe rahisi vipi.

Angalia na adapta. Stima yetu ni 240V, kitu kikiletwa na mtu kutoka Marekani adapta yake huenda imeandikwa 120V peke yake, ukichomeka inaungua. Soma yale maandishi madogo kwanza.

Halafu kuna hili la santuri kupinda, na joto letu hili kwa kweli zimepinda nyingi. Toa kitambaa cha mbele ya spika uangalie ile koni kubwa wakati sahani iliyopinda inazunguka, utaiona inatoka nje inarudi ndani polepole wala hakuna sauti yoyote. Hayo ni mawimbi ya chini sana, sikio halisikii lakini amplifaya inamaliza nguvu kuyasukuma na spika inateseka. Dawa yake ni fono steji yenye filta ya kukata chini. Kwa mtu wa pwani mie naona hii ina maana kuliko sifa nyingi wanazoandika kwenye boksi.

ART DJ Pre II inayo filta hiyo, na ina swichi ya pikofaradi 100 au 200 (kipimo cha kapasitansi, mzigo wa umeme ambao katriji inaukuta), ambayo ni muhimu kwa sababu kila katriji ina kipimo chake, AT-VM95E kwa mfano inataka 100 mpaka 200 jumla, na waya za tantebo zenyewe zishaongeza zao, ukizidisha trebo inakuwa kali. Hii ndo ningemwambia mtu achukue. Mfuko ukikaza kabisa, Behringer PP400 inafanya kazi, haina mbwembwe zozote. Rega Fono Mini A2D ina USB, ukitaka kuziingiza santuri za wazee kwenye kompyuta kabla hazijaisha, na mie natamani watu wengi zaidi wafanye hivo, kuna taarabu humo hutaisikia popote pengine. Mambo ya MC, ile aina nyingine ya katriji yenye koili inayotikisika, achana nayo kama huna katriji ya MC, utalipia bure.

Ah, na wenye zile santuri za mizunguko 78 kwa dakika, za kina Siti binti Saad aliyerekodi Bombay 1928, hizo ni za kabla ya RIAA na zinataka sindano yake nene. Usizipige na sindano ya LP, hizi santuri za kawaida za mizunguko 33, utaharibu vyote viwili.

Mwisho, hewa yetu ya chumvi inaota ukungu wa kijani kwenye plagi za RCA, zile za waya za sauti, zifute kwa spiriti mara kwa mara, zikauke ndo uchomeke. Na pesa ikibaki usiiongeze kwenye kiboksi, nunua sindano mpya, hizo za VM95 unachomoa ya zamani unasukuma nyingine bila kubadilisha katriji.